Kitalu nyumba cha mama kiligeuka sufuria: joto linavyofanya kazi chini ya nailoni

Ingia ndani ya kitalu nyumba saa nane mchana, mwezi wa Januari, pale Kihonda mjini Morogoro. Dakika ya kwanza jasho linaingia machoni. Dakika ya pili shati limeganda mgongoni, na kabla ya dakika ya tatu unatafuta mlango. Sasa fikiria wewe ni mche wa nyanya. Mlango unauona, lakini miguu huna.

Mwaka juzi mama yangu alikopa kwenye kikoba chao akajenga kitalu nyumba uani kwetu. Ni cha ukubwa ule unaouzwa sana, mita 8 kwa 15: mabomba ya chuma, nailoni juu na ubavuni, mstari mwembamba wa neti pembeni, tenki la maji na mipira ya matone. Aliyemuuzia alimwambia kwamba ukiwa na kitalu nyumba, hali ya hewa unaipanga mwenyewe. Miche ikakua vizuri ajabu, ikanipita urefu, majani yamekolea kijani. Maua yakaja kwa vishada. Halafu yakaanza kupukutika. Kikonyo kinageuka njano, ua linadondoka, na kesho yake jingine.

Mama akafanya ambacho karibu kila mkulima angefanya. Akanunua dawa ya ukungu. Akanunua busta ya maua. Akaongeza mbolea, akaongeza maji. Mwisho akanipigia simu: "Mwanangu, si wewe umesomea haya mambo? Njoo uone, marejesho ya kikoba ni mwisho wa mwezi."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimesomea haya mambo. Shahada yangu ya uzamili ni ya fizikia ya mazingira, yaani jinsi joto na maji vinavyosafiri kwenye udongo na hewani. Nyanya nilikuwa nazijua kwenye kachumbari. Ila tatizo la mama lilikuja kuwa fizikia tupu, na kwa kuwa vitalu nyumba vya majumbani sasa hivi vinajengwa kila kona, hadi vile vibanda vya matao vya mabomba ya plastiki yaliyokunjwa na kufunikwa nailoni, nimeona niliandike hapa lilivyo, pamoja na makosa yangu.

Kosa langu la kwanza

Nilipofika nilining'iniza kipimajoto kwenye waya katikati ya kitalu, nikasubiri, nikasoma: nyuzi 52. Nikashtuka. Nikamtumia ujumbe rafiki yangu tuliyesoma naye, kwa majivuno kidogo, kwamba nimeshalipata tatizo. Akanijibu kwa neno moja: "Kivulini?"

Aibu. Kipimajoto kilichopigwa na jua hakipimi joto la hewa, kinapima joto lake chenyewe. Jua linakichoma kama linavyochoma bonde la chuma la baiskeli, na namba unayoisoma haina maana yoyote kwa mmea. Nikakata kipande cha bomba jeupe la plastiki, urefu wa kama sentimita thelathini, nikakilaza mlalo usawa wa maua, kipimajoto ndani yake, ncha zote mbili wazi ili hewa ipite. Kikasoma 41. Nje, kivulini, ilikuwa 33.

Ukitaka kujifunza kitu kimoja tu kutoka kwenye makala hii, nenda kanunue kipimajoto, kile cha kuonyesha joto la juu kabisa na la chini kabisa kwa siku kama unakipata, na kiweke kivulini usawa wa maua. Mama alishatumia hela nyingi kwenye dawa kabla hajajua namba ile.

Nyanya inataka nini

Nyanya hustawi vizuri mchana ukiwa kati ya nyuzi 21 na 29 hivi. Ikipanda juu ya 32 na kuendelea, hasa kama usiku nao haushuki chini ya 21 au 22, mmea unaendelea kukua lakini unapata shida ya kutunga matunda. Kinachoathirika zaidi ni chavua, ile poda ya njano ndani ya ua ambayo bila kuwa hai hakuna tunda. Majani yanavumilia joto kuliko chavua. Ndiyo maana kitalu cha mama kilikuwa kinapendeza kwa mbali: miche imenawiri, imejaa majani, na haina kitu.

Kuna jambo la hila hapa. Chavua hudhurika zaidi wakati inatengenezwa ndani ya kichipukizi cha ua, wiki moja hadi mbili kabla ua halijafunguka. Kwa hiyo maua aliyoyaona mama yakidondoka Jumatatu yaliunguzwa wiki iliyopita au ya juzi yake. Siku ukipata baridi kidogo, maua bado yanadondoka, unadhani joto si tatizo. Siku ukinyunyizia busta, na baada ya siku kumi hali ya hewa ikatulia, unadhani busta imefanya kazi. Muuzaji wa busta naye hatakukatalia.

Na zile nyanya chache zilizotunga? Ziliiva rangi ya machungwa, haziwi nyekundu. Mama alidhani ni mbegu feki. Kumbe rangi nyekundu ya nyanya inatokana na kitu kinachoitwa laikopini, na nyanya ikikaa kwenye joto la juu ya nyuzi 30 hivi, utengenezaji wa laikopini unazorota huku rangi ya njano, ile ya familia ya karoti, ikiendelea kutengenezwa. Rangi ya nyanya, kwa namna fulani, ni kipimajoto cha pili.

Pasi themanini

Sasa joto lote hili linatoka wapi? Tupige hesabu. Jua la mchana lisilo na mawingu hapa kwetu linamwaga kama wati 1000 kwenye kila mita ya mraba. Kitalu cha mama kina mita za mraba 120. Tuseme nailoni inapitisha asilimia 70. Ndani kunaingia wati 84,000.

Pasi ya umeme ya nyumbani ina kama wati 1000. Kwa hiyo mchana mzima ni kama umewasha pasi 84 ndani ya kile kichumba na kufunga mlango.

Lakini hapohapo swali zuri linajitokeza: jua lilelile linaipiga bustani ya jirani iliyo wazi, mbona kule hakuchemki? Hapa wengi wetu tulifundishwa jibu ambalo halijakaa sawa. Tuliambiwa kioo au nailoni inaruhusu mwanga wa jua kuingia, ardhi ikipata moto inatoa mionzi ya infraredi, na ile mionzi inanaswa, haiwezi kutoka. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alilijaribu jibu hilo kwa vijisanduku viwili. Kimoja alikifunika kwa kioo, ambacho huzuia infraredi ya joto. Kingine alikifunika kwa bamba la chumvi ya mawe, ambayo huipitisha. Kama kunaswa kwa infraredi ndiyo siri, sanduku la kioo lilitakiwa kuwa na joto kubwa zaidi. Alipohakikisha jua linaloingia kwenye masanduku yote mawili ni sawa, yote yalifika kama nyuzi 55, na tofauti kati yao haikufika hata nyuzi moja.

Kilichofanana kwenye masanduku yote mawili ni kifuniko. Bustani ya jirani inapata jua lilelile, ila hewa iliyopata moto pale chini inapanda na kuondoka, na nyingine ya baridi inaingia kuchukua nafasi yake, muda wote, bila jirani kuilipia. Kwa mama, hewa iliyopata moto inapanda mita tatu inagonga nailoni, basi. Na nailoni yenyewe, ile ya kawaida, inapitisha sehemu kubwa tu ya infraredi ya joto, lakini kitalu kinachemka vilevile. Kwa hiyo unapofikiria joto la kitalu nyumba, fikiria kwanza hewa iliyofungiwa. Kila kitu kingine kinafuata.

(Najua kuna msomaji atauliza: kwa hiyo habari za gesijoto na mabadiliko ya tabianchi ni uongo? Hapana. Dunia haina hewa ya jirani ya kubadilishana nayo. Njia yake pekee ya kutoa joto kwenda angani ni mionzi, kwa hiyo gesi zinazoizuia zina uzito mkubwa kweli. Sayansi iko sawa, ni jina tu walilikosea.)

Hewa kiasi gani?

Turudi kwenye zile wati 84,000. Mimea mikubwa iliyomwagiliwa vizuri inatumia karibu nusu yake, na zaidi, kugeuza maji kuwa mvuke kupitia matundu madogo ya majani. Nitalirudia hilo. Tuseme zinabaki 42,000 zinazopasha hewa. Mita moja ya ujazo ya hewa inahitaji jouli kama 1200 ili ipande nyuzi moja. Kama tunataka ndani kusizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 5, tunahitaji kupitisha 42,000 gawanya kwa 1200 mara 5: mita 7 za ujazo za hewa, kila sekunde.

Kitalu cha mama kwa wastani kina kama mita za ujazo 360. Maana yake hewa yote ya ndani inatakiwa iondoke na iingie mpya kila baada ya kama sekunde 50. Wajenzi wa vitalu nyumba wana kanuni yao ya mdomo, hewa ibadilike mara moja kwa dakika. Unaona hesabu ya karatasini inatupeleka karibu palepale.

Feni zinaweza kufanya hivyo, feni kubwa. Ila geuza hesabu: umeme ukikatika saa saba mchana na kila upenyo umefungwa, zile wati 42,000 zinaipandisha hewa ile nyuzi moja kwa kila sekunde kumi, angalau mwanzoni, kabla kuta na udongo havijaanza kubeba sehemu yake. Ukienda kununua mafuta ya jenereta, utarudi unakuta supu. Kwa kitalu cha nyumbani mimi ningeweka hela kwenye matundu kabla ya feni.

Na matundu yana mahali pake. Hewa ya moto ni nyepesi, inataka kutokea juu. Mama alikuwa na neti pembeni tu, mstari wa nusu mita kila upande; juu kulikuwa kumefungwa kabisa. Tulifanya jaribio la ubani. Alichukua chetezo chake akakiweka katikati ya kitalu mchana. Moshi ulipanda wima hadi kwenye nailoni, ukasambaa, ukakaa pale. Haukuwa na pa kwenda. Tulisimama tunautazama, na mama akasema, "Kumbe ndiyo maana maua ya chini yana afadhali." Mimi sikuwa nimeliona hilo. Vishada vya chini vilikuwa na tunda mojamoja. Vya juu, vilivyoogelea kwenye ile hewa iliyokwama, havikuwa na kitu.

Fundi alikuja akakata mgongo wa paa, akainua upande mmoja kama sentimita 60 juu ya mwingine, akaacha mwanya mrefu wa mita 15 wenye neti. Mwanya ule tuliuelekeza upande ambao upepo unaelekea, siyo unakotoka. Upepo ukipita juu ya paa unainyonya hewa ya ndani. Ukiuelekeza kinyume, upepo unaisukuma hewa ya moto irudi chini. Pembeni tukaondoa nailoni hadi mita moja na nusu, tukaweka neti, na mapazia ya nailoni ya kukunja kwa kamba kwa ajili ya siku za mvua ya upepo.

Neti yenyewe ni mgogoro

Wengi wanafikia hapa wanaangukia pua. Kanuni ya kawaida inasema matundu yawe angalau asilimia 15 hadi 25 ya eneo la sakafu, na maeneo ya joto yazidi hapo. Kwa mama, asilimia 25 ni mita za mraba 30. Alikuwa nazo 15. Lakini hata hizo 15 hazikuwa 15 kweli, kwa sababu zilifunikwa na neti ya kuzuia inzi weupe. Inzi mweupe ana urefu wa kama milimita moja, kwa hiyo matundu ya neti yake ni madogo mno, na neti ya namna hiyo inaweza kukata mtiririko wa hewa kwa nusu au zaidi. Ongeza vumbi la Kihonda. Neti ya mama, nilipoigusa, vidole viligeuka vyekundu. Ilikuwa ukuta.

Unaweza kusema, basi itoe. Ukiitoa, inzi weupe wanaingia na virusi vya kukunjamanisha majani, na mche ukishaambukizwa hauponi. Kantangaze naye anaingia. Nondo wa kantangaze ni mkubwa kuliko inzi mweupe, kwa hiyo neti ya matundu makubwa kidogo inamzuia yeye na inapitisha hewa vizuri zaidi. Kama eneo lako inzi weupe si tishio kubwa, hiyo ni nafuu ya kweli. Kwetu walikuwepo. Tukabaki na neti ndogo, tukaongeza eneo lake mara tatu, na sasa inaoshwa kwa mpira wa maji kila baada ya wiki mbili wakati wa kiangazi. Kuosha neti ni kazi inayodharaulika, na sijui kitu kingine cha bei rahisi namna ile kinachoshusha joto.

Kivuli, chokaa na mtungi

Njia nyingine ni kupunguza zile pasi zenyewe. Neti ya kivuli ya asilimia 30 inaondoa karibu theluthi ya jua kabla halijaingia. Iweke nje, juu ya nailoni, ikiwezekana kuwe na mwanya kati yake na nailoni. Ukiitandaza ndani, neti inapata moto yenyewe na ule moto unabaki ndani na wewe. Usiende kwenye asilimia 50 au 70 kwa ajili ya nyanya kwa kuwa umeona jirani kafanya kwenye kitalu cha maua: nyanya ni mmea wa jua, ukiinyima mwanga inarefuka kama mwanafunzi wa bweni na haizai.

Chokaa ni rahisi zaidi. Ikoroge nyepesi kwenye maji, nyunyiza juu ya paa kwa pampu ya mgongoni au paka kwa brashi ya mpini mrefu. Wakulima wa Almería kusini mwa Hispania, ambako kuna bahari nzima ya mapaa ya nailoni, hufanya hivyo kila wakati wa joto. Uzuri wake mwingine ni kwamba mvua inaisafisha yenyewe, na mvua kwa kawaida huja na mawingu, yaani kivuli kinaondoka wakati hukihitaji tena.

Halafu kuna maji. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo watu wanapopoteza muda. Unajua kwa nini maji ya mtungini ni ya baridi: yanapenya kidogo kwenye udongo wa mtungi, yanageuka mvuke nje, na ule mvuke unaondoka na joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba megajouli kama 2.45. Ndiyo kazi wanayofanya majani ya mama: kuondoa zile wati 42,000 nyingine kunahitaji kama lita 60 kwa saa. Mche ukikosa maji unafunga matundu ya majani, unaacha kutoa jasho, na joto ambalo lingeondoka na mvuke linarudi kwenye hewa. Kitalu chenye miche midogo iliyohamishwa jana nacho kinachemka zaidi, kwa sababu hakuna majani ya kutosha kutoa jasho.

Ila mtungi unapooza tu kama hewa inayouzunguka ni kavu. Hewa ya nyuzi 34 yenye unyevu wa asilimia 30, kama mchana wa kiangazi Dodoma, inaweza kupozwa kwa maji hadi karibu nyuzi 21 kwa nadharia. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75, kama ya Tanga au Dar es Salaam, haiwezi kushuka chini ya 28 hata ukimwaga kisima kizima. Mama alikuwa anamwaga ndoo za maji kwenye njia za kitalu kila mchana, kitalu kimefungwa. Alichokuwa anatengeneza ni bafu la mvuke, na chavua kwenye unyevu mwingi inagandana, haidondoki kwenye ua. Kumwagia njia kunasaidia kidogo kama matundu yako wazi na hewa ya nje ni kavu. Vinginevyo unaukaribisha ukungu.

Wenzetu wa nyanda za juu

Msomaji wa Njombe au Makete anacheka muda wote huu, maana yeye mwezi wa Juni na Julai anaamka anakuta jalidi nyeupe shambani. Kwake tatizo ni usiku. Usiku usio na mawingu wala upepo, nailoni ya kawaida inaachia infraredi ikimbilie angani, na inawezekana kabisa ndani kukawa na baridi sawa na nje, au hata kuzidi kidogo. Watu huweka mapipa meusi ya maji yanywe joto mchana yalitoe usiku. Wazo ni zuri, ila lipigie hesabu: pipa la lita 200 likishuka nyuzi 10 linatoa megajouli 8.4. Ni sawa na ile pasi yetu moja kuwashwa saa mbili na dakika ishirini, igawanywe kwa usiku mzima. Kwa kibanda kidogo cha matao chenye mapipa kadhaa, sawa. Kwa kitalu cha mita 120, pipa moja ni pambo. Kitambaa au nailoni ya pili ikitandazwa juu ya mimea jioni inafanya kazi kubwa zaidi kwa hela ndogo. Na asubuhi fungua mapema, matone yaliyoganda kwenye nailoni yasidondokee majani.

Hawa wa nyanda za juu wananikumbusha kwa nini mama aliuziwa alichouziwa. Joto hushuka kwa kama nyuzi 6 kila unapopanda mita 1000. Arusha na Lushoto ziko kama mita 1400 juu ya usawa wa bahari, Morogoro mjini ni kama 500. Kitalu chenye kuta za nailoni na neti nyembamba kinaweza kufanya vizuri kule. Ukikishusha bonde la Morogoro kama kilivyo, umefunika sufuria. Usinunue kitalu nyumba bila kumuuliza muuzaji kilichoraniwa kwa ajili ya mita ngapi, akikushangaa, ondoka.

Tulipofika

Baada ya mgongo wa paa kukatwa, neti kuongezwa na chokaa kupigwa, mchana wa nyuzi 33 nje ulitupa 36 ndani. Kutoka 41 hadi 36 ni ushindi, na nilifurahi kwa kama siku mbili.

Halafu nikaangalia namba za usiku. Januari nzima kipimajoto hakikushuka chini ya 23. Na 36 bado ni 36. Hapo ndipo ilinibidi nimwambie mama jambo ambalo hakuna aliyemwambia wakati anakopa: matundu, hata yawe makubwa kiasi gani, hayawezi kukupa joto la chini kuliko la nje. Kama nje ni 33, mwisho wako ni 33. Nyanya ya Januari Kihonda haitoki vizuri hata uwanjani, ndiyo maana miezi hiyo tunakula ya kutoka Mgeta, juu milimani, ambako hakuna hata kipande cha nailoni.

Tukakaa mezani na kalenda. Sasa mama anahamisha miche mwishoni mwa Machi. Mvua za masika zinakuta nailoni iko juu, majani hayaloweki, ukungu unapungua, na kitalu kinafanya kazi ya mwavuli. Maua mengi yanafunguka Mei hadi Julai, usiku unashuka hadi 17 au 16, na yanatunga. Novemba hadi Februari anakunja kuta zote, anatandaza neti ya kivuli na kuotesha miche ya mboga ya kuuzia majirani. Miche ya siku thelathini haina maua ya kupukutisha. Mkopo wa kikoba aliumaliza mwezi wa Septemba, kwa kuchelewa, na faini juu.

Ila Januari iliyopita aliacha mistari miwili ya nyanya makusudi, chini ya chokaa na matundu yote wazi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hesabu zangu kazisikia, anataka kuona mwenyewe. Alifunga uzi mwekundu kwenye kila kishada, akawa anaandika kwenye daftari la kikoba, nyuma, tarehe na idadi. Maua mia mbili na nne. Yaliyotunga ishirini na sita. Mwaka uliotangulia, kabla ya kukata paa, anakumbuka hayakufika hata matano. Mwaka huu anataka kujaribu aina nyingine ya mbegu, inayosemekana inavumilia joto, mstari mmoja tu, kwa uzi wa bluu.